Nisubiri au Nije?

Meseji yenyewe ilikuwa fupi. "Hajasogea tangu jana jioni. Nisubiri au nije?" Iliingia mchana, jua likiwa limekaa juu ya mabati, ikajipanga juu ya meseji nyingine zote kwenye kompyuta iliyokuwa juu ya meza ya chakula. Aliyeisoma alikuwa mwanamume mwenye mgongo mbovu, amekalia mto, mkono mmoja ndani ya bakuli la karanga. Hakuona haja ya kufikiri sana. Aliandika kwa kidole kimoja: "Usiwe na wasiwasi. Amepumzika tu. Subiri hapo hapo nyumbani, kesho atasogea. Salama." Akabonyeza, ikaenda, naye akarudi kwenye karanga zake na moyo mweupe, kama mtu aliyemwondolea mwenzake hofu.

Kompyuta ilikuwa ya mkewe. Majirani walimwita Operata kwa sababu kazi yake ilikuwa kujibu meseji za biashara za watu wengine, na jina lilimganda mpaka mama mkwe wake naye akawa analitumia. Alianza na mteja mmoja tu, fundi cherehani wa magauni ya harusi. Akaja muuza matangi ya maji, ikaja kampuni ya malori, na mwisho wifi yake, mkunga mwenye kituo kidogo cha uzazi mtaa wa pili. Zamani Operata alikuwa na simu nne mezani zikilia kwa kupokezana kama vifaranga. Halafu akapata programu inayokusanya akaunti zote mahali pamoja: dirisha moja, mlio mmoja, orodha moja. Aliyeandika mwisho ndiye anayekaa juu. Ukishamjibu anaondoka kwenye orodha, unabaki na wale ambao bado. Jina la akaunti liliandikwa pembeni kwa herufi ndogo za kijivu.

Makosa yalikuwapo, na kwa muda mrefu yalikuwa ya kuchekesha. Siku moja alimwambia bibi harusi kwamba gauni lake lina ujazo wa lita elfu mbili na linahimili jua kali. Bibi harusi akamtumia fundi, fundi akamsimulia kila aliyeingia dukani. Operata alijitetea kwamba kwa vipimo alivyoletewa, hakukosea sana.

Kwa meseji za kituo cha uzazi hapakuwa na mzaha. Mkunga aliweka sharti tangu siku ya kwanza, kidole juu: tarehe za kliniki jibu, bei jibu, saa za kufungua jibu; lakini mtu akitaja damu, maumivu, homa au mtoto, usiandike kitu, nipigie. Operata alilishika sharti hilo. Mara nyingi alipopiga, mkunga alipokea akihema, "Wifi, nina mtu mkononi hapa, kuna nini tena?" na ile "tena" ilimfanya ajione msumbufu. Alipiga hivyo hivyo.

Mumewe aliendesha malori ya kampuni ile ile mpaka pingili za mgongo zilipomgomea. Tangu hapo alikuwa mtu wa ndani, anayehesabiwa pamoja na viti. Wenye mizigo walipouliza lori limefika wapi, Operata alimuuliza yeye, na polepole akamwachia ajibu mwenyewe. Alijua kila mizani, kila mlima, kila dereva mwenye tabia ya kulala njiani, na kuulizwa kulimrudishia sauti yake ya zamani. Siku ile Operata aliitwa shuleni na mwalimu wa binti yao. Alipokuwa akitoka alisema, "Dereva, ukisikia mlio angalia kama ni mzigo. Kama ni mzigo jibu. Vingine niachie."

"Nenda zako," alisema mumewe. "Nimeshika trela miaka yote hiyo, nitashindwa kushika meseji?"

Lakini aliyeandika hakuwa na mzigo barabarani. Alikuwa msusi wa nywele, mimba yake ya kwanza ikikaribia kabisa siku zake, na ambaye hakuwa amesogea alikuwa mtoto tumboni. Meseji yake iliingia kwenye akaunti ya kituo cha uzazi, na jibu lilitoka kwenye akaunti hiyo hiyo. Alilisoma akiwa kitandani, mkono juu ya tumbo, akalisoma tena, kisha akamwonyesha mumewe aliporudi kutoka kazini. Mumewe alikuwa mchomeleaji, mtu wa kuamini kilichoandikwa.

"Mkunga kasema subiri," alisema. "Yeye ndiye anayejua."

Wakasubiri. Operata naye aliporudi kutoka shuleni alikuta orodha ndefu ya watu ambao bado hawajajibiwa. Msusi hakuwamo.

* * *

Kesho yake alasiri mkunga aliingia bila kupiga hodi, bado ana sare yake ya kazi, kifuani imelowa jasho. Mama yake alikuwa kwenye kochi akikunja nguo. Operata alikuwa mezani kwenye kompyuta, na Dereva kwenye kiti chake cha dirishani.

"Shikamoo, dada," alisema Dereva.

Hakuitikiwa. Mkunga alimwekea Operata simu mbele ya macho. "Wifi, hiki ni nini?"

Ilikuwa picha ya meseji. Operata aliona kwanza jina la kituo juu, halafu maneno ya msusi, halafu jibu. Alipofika mwisho, kwenye lile neno "Salama", moyo ulimlipuka. Yeye hajawahi kumaliza meseji kwa salama. Katika nyumba ile alikuwapo mtu mmoja tu anayemalizia kila kitu hivyo, hata akiongea na muuza mkaa. Hakumtazama mumewe, kwa sababu kumtazama kungekuwa sawa na kusema.

"Mtoto yuko wapi?" aliuliza.

"Unaniuliza mtoto? Wamekuja asubuhi. Nimeweka kipimo tumboni nikatafuta mapigo kila upande. Nikayapata, ya polepole, kama mtu anayegonga mlango huku anaondoka. Nikawakimbiza hospitali kuu, akapasuliwa. Mtoto wa kike. Katoka hajalia. Wamehangaika naye mpaka akavuta pumzi, sasa yuko chumba cha joto na mipira puani."

"Mungu mkubwa," alisema mama.

"Usishukuru bado, mama. Daktari anasema kakosa hewa, kwa kiasi gani hajui. Itaonekana akianza kukaa. Akianza kusema. Itaonekana huko mbele." Aligeuka tena kwa Operata. "Mume wake amenisogezea hii simu puani mbele ya wajawazito wote waliokaa kwenye benchi. Nikasema haiwezekani, mimi sijaandika kitu kama hiki. Akaniambia, kwani jina la kituo ni la nani? Wifi, nilikuambia nini siku ya kwanza? Damu, maumivu, homa, na nini?"

"Na mtoto," alisema Operata.

"Na mtoto!"

Operata alikuwa anampa mumewe nafasi ya kusema. Alihisi kabisa nafasi hiyo ilivyo wazi, pana kama mlango wa gereji, na mtu wa kupita pale ni mmoja tu. Dereva alikohoa. "Dada," alisema, "kaa kwanza. Unywe maji."

"Sitaki maji! Nataka mtu aniambie, binadamu mwenye akili zake anamwandikiaje mjamzito kwamba kesho atasogea?"

"Niache niangalie kwenye programu," alisema Operata kwa sauti ndogo.

"Angalia. Wakaguzi wa afya wanakuja kituoni wiki hii, na jambo la kwanza watakalotaka ni jina la aliyeandika. Nitawapa." Akachukua simu yake na kuondoka, na mlango aliuacha wazi.

* * *

"Nilidhani ni lori la saruji," alisema Dereva baada ya muda.

Sasa Operata alimtazama.

"Lile lililokwama mlimani. Mwenye mzigo anaandika kila siku, na yule kijana anayeliendesha akishapata kivuli hang'oki. Hajasogea tangu jana. Nisubiri au nije. Mke wangu, ni maneno yale yale! Hata wewe ungesema ni lori."

"Jina la akaunti lilikuwa pembeni."

"Yale maandishi ya sisimizi?"

"Na dada yako alipouliza, kwa nini hukusema?"

Alishika magoti yake kama mtu anayetaka kusimama, lakini hakusimama. "Ulimi uliganda."

Mama alikuwa ameshafunga mlango. Alirudi akakaa karibu na Operata, karibu kuliko kawaida yake, akamshika mkono. "Mkwe wangu, nisikilize. Wewe ndiye unayejulikana kwa kazi hii. Ukisema ni wewe, ni kosa la kazi, na watu hukosea kazini. Akitajwa huyu, itakuwa mkunga amemwachia dereva wa lori awahudumie wajawazito. Watamfungia mwanangu kituo, na huyu mwingine watamfunga kabisa. Watoto wangu wawili, siku moja."

"Na mimi, mama? Mimi niko wapi kwenye maneno hayo?"

"Wewe una nguvu. Wewe utainuka."

Operata aliujua wimbo huo. Aliimbiwa Dereva alipoumia mgongo, aliimbiwa kodi ya nyumba ilipopanda. Kila kilipokuwapo kitu kizito cha kubeba, ndipo watu wa nyumba ile walipokumbuka nguvu zake. Hata hivyo hakuweza kuutoa mkono wake kwenye mkono wa mkwewe na kusema hapana, kwa kuwa naye hakujiona safi. Ni yeye aliyewachanganya wajawazito na matangi kwenye orodha moja, kwa sababu mlio mmoja ulimchosha kidogo kuliko milio minne. Ni yeye aliyeondoka na kuiacha kompyuta wazi.

Jioni alipotoka jikoni alimkuta mumewe amekaa kwenye kiti cha mkewe, mbele ya kompyuta. Ile meseji ilikuwa imefunguliwa. Katikati ya kioo programu ilikuwa inauliza: Futa kwa wote?

"Ukifuta, kwake kutaandikwa kwamba ujumbe umefutwa," alisema Operata.

"Afadhali hivyo kuliko haya."

"Ameshapiga picha, Dereva. Dada yako anayo. Unafuta ili nani asione?"

Aliondoa mkono kama aliyegusa sufuria ya moto. Machozi yalimtoka, akayafuta haraka kwa mkono wa shati kabla mama yake hajayaona. "Basi nifanye nini?"

"Unajua."

"Sijui, haki ya Mungu sijui."

"Basi kaa hapo mpaka ujue," alisema Operata, akarudi jikoni. Hakufunga kompyuta. Alimwacha nayo.

* * *

Asubuhi alikwenda hospitali peke yake na mfuko wa machungwa. Njia nzima alijizoeza maneno: ni mimi, nilikosea, naomba msamaha. Alishaamua kulibeba. Si kwa ajili ya mama mkwe, bali kwa sababu kumsubiri mumewe aseme kulimchosha kuliko kusema mwenyewe.

Mchomeleaji alikuwa kwenye ukumbi nje ya wodi, suruali yake ina matundu madogo madogo ya cheche. Alipomtajia kwamba yeye ndiye anayejibu meseji za kituo, alimtazama kuanzia viatuni mpaka kichwani. Halafu akageukia watu waliokuwa kwenye foleni ya dawa.

"Jamani, huyu hapa daktari wa kwenye simu! Mwenye maradhi aje aandike, atajibiwa! Mwambieni mnaumwa, atawaambia mtapona kesho!"

Watu waligeuka. Mzee mmoja ambaye hakuelewa alicheka. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni alisogea hatua pembeni, kana kwamba balaa linaambukiza. Mlinzi akaja akamwambia Operata, si yule aliyepiga kelele, asimame kando asizuie njia. Alisimama kando. Mfuko wa machungwa ulimkata vidole na hakuthubutu kuuweka chini.

Alisimama hapo mpaka muuguzi alipotoa kichwa mlangoni. "Mgonjwa kasikia. Anasema aingie."

Msusi alikuwa amelala ubavu, uso umevimba. Nywele zake zilikuwa nusu zimesukwa, nusu zimefumuka, kama kazi aliyoiacha mteja akiwa bado kitini. Alikuwa mdogo kuliko Operata alivyomwazia.

"Ni wewe?"

"Ni mimi ninayejibu meseji za kituo."

"Siku zote?"

"Siku zote."

"Hata niliposema nimeota nimezaa paka?"

"Hata hiyo."

Msusi alitaka kucheka, kidonda kikamkatalia. Alishika tumbo mpaka maumivu yakapita. "Nilidhani ni mkunga. Kliniki ananifokea, nikirudi nyumbani namkuta mpole kwenye simu. Nikawa nasema, huyu mama mdomo wake na moyo wake havijuani. Nikuulize kitu, dada. Wewe hujawahi kunijibu bila kuniita mama kijacho. Mama kijacho, kliniki Jumanne. Mama kijacho, usisahau kadi. Siku ile hukuniita. Nikamwambia mume wangu, leo mkunga kaandika kama mwanamume. Akasema nisijitie makuu, nifuate nilichoambiwa. Sasa niambie. Ni wewe uliyeandika?"

Lile jibu la njiani lilikuwapo mdomoni, limeiva. Lakini Operata aliona kwamba akilitoa, atakuwa amempa binti huyu jibu la uongo kwa mara ya pili, na safari hii kwa kujua.

"Si mimi," alisema. "Lakini niliondoka nikaiacha kompyuta wazi, na hilo ni langu."

"Ni nani?"

"Atakuja aseme mwenyewe."

"Aje kabla sijaruhusiwa," alisema Msusi na kufumba macho. "Sina nguvu za kumtafuta mtu."

* * *

"Umekwenda kumuuza mume wako!" Mama alisimama na nguo zote alizokuwa akikunja zikamwanguka mapajani.

"Sikumtaja, mama. Nimesema tu si mimi. Yeye alishajua."

"Kajuaje, kama hukumwambia?"

"Alijua siku ile ile. Alimwambia na mumewe. Hakusikilizwa."

Mama alitaka kuendelea, lakini Dereva alisema, "Mama, basi." Hakuisema kwa ukali. Aliomba viatu vyake vyeusi. Operata alivitoa chini ya kitanda, akapiga magoti akamfunga kamba, kwa sababu kuinama mumewe hakuweza. Kisha wakatoka wote wawili, polepole, kwa mwendo wa mgongo wake.

Kando ya kitanda cha Msusi, mchomeleaji alimsikiliza bila kumkatiza. Dereva alieleza vibaya. Alianza na lori, akaenda kwenye saruji, akarudi kwenye karanga, mpaka mkewe akatamani kumsaidia na akajizuia.

"Kwa hiyo wewe kituoni ni nani?" aliuliza mchomeleaji mwishoni.

"Si mtu kituoni. Mimi ni mume wa huyu. Nilikuwa dereva."

"Dereva." Mchomeleaji alilitafuna neno hilo. Akatoa simu yake, akaifungua, akamwekea mkononi. "Soma."

"Nimeshai..."

"Kwa sauti."

Dereva alisoma alichoandika. Usiwe na wasiwasi, amepumzika tu, subiri hapo hapo nyumbani. Alipofika kwenye "Salama" sauti ilikuwa imebaki nusu. Mgonjwa wa kitanda cha jirani alikuwa ameacha kula.

"Sasa soma ya kwangu," alisema Msusi.

"Hajasogea," alisoma Dereva, "tangu jana jioni. Nisubiri..." Midomo ilisogea bila neno kutoka. Walimngoja amalizie. Hakuna aliyemmalizia. Alitaka kupiga magoti, mgongo ukakataa, akabaki amejikunja nusu, ameshika chuma cha kitanda. "Nisamehe, mwanangu."

"Simama," alisema mchomeleaji. "Ukianguka hapa watasema nimekupiga." Alichukua simu yake. Hasira ilikuwa imemtoka usoni, na kilichobaki kilikuwa kibaya zaidi. "Nilitaka kuja kwako na polisi. Siji. Mwanangu akifika umri wa kutembea asipotembea, nitakuja nimembeba. Nitamweka mapajani kwako umshike. Basi. Nendeni."

* * *

Wakaguzi walipokuja, Dereva aliwaambia yale yale, safari hii kwa mpangilio. Kituo kikafungwa mpaka uchunguzi uishe, na mkunga akazuiwa kufanya kazi. Fundi cherehani alisikia habari akamwondoa Operata kwa upole mwingi, akisema kuna binti wa ndugu yake anayehitaji kushughulishwa. Operata aliiondoa akaunti ya kituo kwenye programu. Programu ilimuuliza kama ana uhakika, akasema ndiyo, na meseji za wale wajawazito wote zikafutika kwenye dirisha kama chaki. Laini ya kituo aliirudisha kwenye simu yake ya zamani. Mkunga hakutaka kuichukua, ikabaki juu ya kabati.

Asiye na kazi hukosa pa kwenda, na mkunga akawa anashinda nyumbani kwa Operata, alikokaa mama yake. Yeye na mdogo wake hawakusemezana. Ikibidi, walipitia kwa mama. "Mwambie mwanao asogeze kiti." "Mwambie dada kiti kina mwenyewe." Mama alikuwa akifikisha salamu hizo kwa watu waliokaa hatua mbili kutoka kwake, na siku nyingine angecheka.

Asubuhi moja, mkunga na Operata wakiosha vyombo, mkunga alisema bila kuinua macho, "Siku ile nilikuwa na wawili wanazaa kwa pamoja. Nimekaa nikijiuliza, ungenipigia ningekujibu nini." Alisugua sufuria iliyokuwa tayari safi. "Huenda ningesema, wifi, mwambie asubiri."

Operata alikuwa ameipokea sufuria hiyo simu ya juu ya kabati ilipoanza kulia. Haikuwa meseji. Mtu alikuwa anapiga. Alijifuta mikono, akaipokea, akaweka sauti ya nje kwa sababu kipaza sauti cha sikioni kilikuwa kimeharibika.

"Dada, ni mimi." Alikuwa Msusi. "Mume wangu hajui nimepiga, asijue. Sikutaka kuandika. Tumesharuhusiwa, tuko nyumbani, na mtoto tangu alfajiri ananyonya kidogo anaacha. Amelegea. Namtekenya mguu hashtuki. Lakini labda ni usingizi tu, eti? Si watoto wachanga wanalala sana?"

Operata aliyajua maneno ya kumtuliza. Alikuwa nayo mengi, ameyatumia kwa wengi. "Sijui, mdogo wangu," alisema. "Mimi sijui. Usikate simu."

Akamnyooshea mkunga.

Mkunga alirudi nyuma, mikono yake ikidondosha povu. "Nimezuiwa," alinong'ona. "Wifi, unajua nimezuiwa." Operata hakuurudisha mkono. Kwenye simu alisikika Msusi akihema, na nyuma yake kimya mahali ambapo palipaswa kuwa na mtoto. Mkunga akaichukua.

"Nipo. Niambie. Midomo ina rangi gani? Mwili ni wa moto au wa baridi?" Alisikiliza. "Haya. Mbane kifuani kwako, ngozi kwa ngozi, mfunike, toka sasa hivi uende hospitali. Hapana, usimngoje mumeo. Usimngoje mtu. Nitakukuta mlangoni. Usikate, endelea kunieleza unavyokwenda."

Alipotoka nje simu ikiwa usoni, Dereva, aliyekuwa amesikia yote, alikuwa ameshafika barabarani, mkono mmoja kiunoni, mwingine akiupunga. Gari la kwanza lilipita. La pili lilikuwa pikapu ya muuza mboga.

"Hilo hilo!" mkunga alimpigia kelele mdogo wake. "Lisimamishe hilo!"

Alilisimamisha kwa kuingia mbele yake.

Hospitali walimpokea mtoto haraka. Sukari ilikuwa imemshuka, wakamtundikia dripu, na mkunga akaingia ndani pamoja na Msusi bila mtu kumuuliza cheti. Dereva alibaki kwenye benchi la ukumbini. Baadaye mchomeleaji alifika akikimbia, miwani yake ya kazi bado iko juu ya paji la uso. Alimwona. Hakumsalimu. Benchi lilikuwa moja tu, akaketi upande wa pili.

Walikaa hivyo mpaka muuguzi alipofungua mlango. Wote wawili wakasimama.

"Amenyonya," alisema muuguzi.

Mchomeleaji aliketi tena, akafunika uso kwa viganja. Mabega yake yalikuwa yanacheza. Dereva alibaki amesimama pale pale, mgongo ukimuuma, kwa kuwa hakujua kama anaruhusiwa kukaa.